Niliandika "Anategea"

Sehemu ya saba

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, usijali, hujakosa mengi. Shida zangu hazina haraka ya kwisha. Mliokuwa nami mliniacha kwenye benchi la hospitali ya askari wastaafu, daktari wa mifupa ameinua picha ya mgongo wangu kwenye mwanga, ananionyesha kipande cha chuma kisichozidi punje ya hindi. Kilikaa kimya mwilini mwangu miaka ishirini na mitatu. Sasa kimeanza kutembea, na kimeegemea uti wa mgongo.

Daktari alisema kitolewe ndani ya siku kumi. Zikipita hizo, miguu yangu itabaki ya kuvalia suruali tu.

Hospitali ile humpasua bure askari aliyeumia kazini. Lakini cheti changu cha kuachishwa jeshi kimeandikwa: "Mzima. Hana dai." Na kosa ni langu. Siku ya kuagwa, meja daktari aliniuliza hali bila kuinua macho, nami nikabana visigino nikajibu kama ulimi ulivyozoezwa: "Mzima, afande." Askari hata akiulizwa yumo kaburini atajibu mzima. Meja akaandika alichosikia, akaita mwingine.

Kwa hiyo dirishani waliniambia nilete moja kati ya mawili. Ama karatasi ya siku ile inayoonyesha niliumia, ama mtu aliyeniona kwa macho yake, aape.

Haya, tuendelee.

Jumatatu asubuhi mama watoto alinichemshia maji ya kunikanda. Akaniwekea beseni, akaenda kuchukua maji baridi ya kuchanganyia. Mimi huku nyuma nikatumbukiza mguu wa kushoto, nikakaa zangu nasoma barua ya hospitali. Aliporudi akainama, akaingiza mkono, akautoa haraka huku akipiga yowe.

Maji yalikuwa hayajachanganywa. Mguu wangu ulikuwa mle ndani muda wote huo, ngozi imenyanyuka kama maganda ya nyanya, na mimi nimefika ukurasa wa pili wa barua.

Hakunigombeza. Aliupaka dawa, akaufunga kitambaa safi, na alipomaliza akaukalisha mapajani mwake kama mtoto mchanga akaanza kulia. Nilitamani nihisi hata joto la mapaja yake. Sikuhisi kitu. Ndipo nikaogopa kweli, woga ambao sikuwa nao hata vitani.

Tukaondoka hivyo hivyo, mimi na mkongojo, yeye na kiatu changu mkononi, tukaenda masijala.

Masijala ya jeshi iko chini ya jengo la hospitali, unashuka ngazi kumi na nne, na mtu mwenye mgongo kama wangu anaijua kila moja. Anayeitunza ni mama mmoja mnene, mpole, mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Wote tunamwita Mama Majalada. Jeshi likipoteza mtu, yeye ndiye humkuta kwenye karatasi.

Aliponiona tu akasema amelipata. Akaweka mezani daftari la kijani, kingo zimeliwa na mende, juu yake namba ya kombania yetu. Daftari la wagonjwa. Kila askari aliyeugua au kuumia aliandikwa humo siku hiyo hiyo.

Mama watoto alinibana mkono kwa furaha. Mimi sikufurahi.

Hapa, msomaji wangu, nakuomba radhi. Kwa wiki sita nimekueleza kwamba nilikuwa askari, sijakueleza nilikuwa askari wa kazi gani. Nimekuwa nikilikwepa jambo hilo kama mtu anavyokwepa mlango wa anayemdai. Nilikuwa tabibu wa kombania. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba mkoba wa dawa, na wenzangu wakanipa jina la Vidonge. Daftari lile la kijani nilikuwa naliandika mimi.

Mama watoto anajua kwamba nilikuwa tabibu, na analijua kwa fahari. Asichokijua ni kilichoandikwa tarehe ile.

Mama Majalada akalamba kidole, akafunua kurasa polepole, akafika. Akashusha miwani, akasoma, akanitazama. Akasema jina langu halimo.

Nikamjibu kwamba tabibu hajiandiki. Anayeshika kalamu huwa anawaandika wengine.

Akasema ukurasa una watu wawili tu. Wa kwanza ni koplo aliyekatika mguu, na huyo alishafariki. Wa pili akamsoma kwa sauti, namba yake ya jeshi kwanza, kisha neno kwa neno: "Masikio na kichwa. Anategea. Arudi kazini."

Kutegea, kwa lugha ya kambini, ni kujifanya mgonjwa ili wenzako wabebe mzigo wako. Mwizi jeshini atafungwa, atatoka, atasamehewa. Anayetegea hasamehewi, hata sahani yake ya chakula watu huikwepa. Na siku ile, tuambiane ukweli, bomu ndilo lililokuwa limetegwa. Lilitegwa ardhini, likamlipukia mtu, na mimi nikaandika kwamba yeye ndiye anategea. Kiswahili nacho kina dhihaka zake.

"Basi huyu alikuwepo," Mama Majalada akasema. "Na yuko hai. Huyu ndiye shahidi wako, baba."

Alijuaje yuko hai? Akanyoosha mkono kwenye rafu, akashusha bahasha nene iliyofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na barua ishirini na mbili. Kila mwaka barua moja. Zote zimeandikwa kwa mkono mmoja, mkono wa mtu anayebonyeza sana kalamu, na zote zinaomba jambo moja: naomba neno hilo lifutwe.

Ya mwaka huu ilikuwa na anwani.

Mama watoto aliona ni mlango umefunguka. Njia nzima alikuwa akimshukuru Mungu, akiniambia, mwenzako huyo hatakutupa, ninyi watu wa vita mnajuana. Nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo. Moyoni nilikuwa naomba tukute amehama.

Hakuwa amehama.

Anwani ilitufikisha kwenye uchochoro wa mafundi cherehani, mashine zimepangwa barazani mlango kwa mlango, zinavuma zote kwa pamoja. Mwisho wa uchochoro, ndani ya chumba chenye mlango wa bati, mwanamume wa makamo alikuwa ameinamia cherehani iliyofunguliwa tumbo. Kiganja cha kushoto kimelala juu ya chuma, mkono wa kulia unazungusha gurudumu taratibu. Hakuwa anasikiliza mashine. Alikuwa anaipapasa, mtetemo ndio unaomwambia ubovu uko wapi.

Zamani tulimwita Redio, kwa sababu alikuwa hanyamazi. Alisimulia kuanzia tunapoamka mpaka tunapolala, na tulipomwomba azime alisema betri bado mpya.

Dada yake, mjane anayeshona pale mlangoni, ndiye aliyemgusa bega. Redio akageuka, akanitazama kwanza mkongojo, kisha uso.

"Vidonge," akasema.

Alilisema kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, maana ni kiziwi, hasikii hata sauti yake mwenyewe. Akanikumbatia na mikono yake ya mafuta ya mashine. Akamwondoa paka kwenye kiti chake mwenyewe ili nikae mimi. Kisha akanisogezea daftari la shule na kalamu, akaeleza kwamba anayetaka kusema naye aandike, yeye atajibu kwa mdomo.

Msomaji, kuna watu ukitarajia wakutukane na wao wakakukaribisha, unaumia zaidi. Nilijiandaa kwa ngumi. Sikujiandaa kwa kiti.

Nikaandika hali yangu. Kila nilichoandika, Redio alikisoma kwa sauti ile ile kubwa, hata mafundi wa jirani wakajua kwamba nina chuma mgongoni na siku zangu zimebaki saba. Nilipomwomba aje aape kwamba aliniona, hakusubiri nimalize sentensi.

"Nitakuja," akasema. "Si mimi niliyekubandika plasta? Ulikuwa hufiki mgongoni mwako."

Na ni kweli. Bomu lilipolipuka yeye alikuwa mbele, mimi nyuma yake. Damu ilikuwa inamtoka masikioni inashuka shingoni, lakini alinikokota mpaka nyuma ya jiwe, akanivua shati, akaona tundu dogo, akaniambia ni mchubuko tu, usiogope. Akachukua plasta kwenye mkoba wangu mwenyewe. Alinitibu yeye kwanza kabla mimi sijamtazama.

Mama watoto alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka. Dada mtu hakutabasamu. Alikuwa ameacha kushona, ananitazama kama anayepima kitambaa asichokiamini. Akaniuliza kama najua kaka yake ameishije. Akaeleza kwamba kichwa kinamuuma siku tano kati ya saba, kwamba kizunguzungu humwangusha popote, mwezi uliopita kilimwangusha juu ya jiko. Kwamba zahanati ya mtaa humpa dawa ya maumivu na kumwambia aende hospitali ya jeshi, hiyo ndiyo yenye vipimo vya masikio. Na hospitali ya jeshi humfungulia jalada, ikalisoma neno moja, ikalifunga. Dirisha hilo hilo, miaka ishirini na mitatu.

"Na aliyeliandika ni wewe," akasema.

Redio alikuwa anafuata midomo yake. Akaingilia kati, akamwambia dada yake aniache. "Alilazimishwa. Yule sajini alikuwa shetani, angemfunga. Mimi simlaumu Vidonge, sikumlaumu hata siku moja."

Kumbe hivyo ndivyo alivyojieleza miaka yote. Alikuwa amenitafutia sababu mwenyewe, nzuri, imepigwa pasi, na kazi yangu ilikuwa kuivaa tu. Ningenyamaza, kesho yake ningepata shahidi na heshima yangu juu.

Dada mtu akanisogezea daftari mbele. Akanitazama tu, na mama watoto naye akanitazama, akisubiri niandike ndiyo.

Sijui nini kilinishika. Labda ni ule mguu. Mtu akishaona nyama yake inaiva na yeye hana habari, anachoka kujidanganya. Nikaandika mistari mitatu. Nikamrudishia.

Redio akasoma, kwa sauti ya uchochoro mzima:

"Sajini hakunilazimisha. Nilipopiga makofi nyuma yako uligeuka kwa sababu uliona kivuli cha mikono yangu, na mimi nilijua ni kivuli. Gari lilikuwa na kiti kimoja, nikakitaka mimi."

Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho.

Nikueleze vizuri, usije ukadhani ni mafumbo. Gari la wagonjwa lilikuwa na machela moja, aliyoilalia koplo, na kiti kimoja. Kukiwa na mgonjwa wa kukaa, kiti ni chake na tabibu anabaki na kombania. Kusipokuwa na mgonjwa wa kukaa, tabibu anapanda. Redio alikuwa anasema hasikii. Sajini akaniambia nimpime. Nikapiga makofi nyuma yake, jua likiwa mgongoni mwangu, kivuli kikaanguka mbele yake, akageuka. Sajini akauliza vipi huyo. Nikasema anategea, afande, nikaandika, nikapanda gari. Nilikuwa nimeogopa. Basi. Sina kingine cha kuongeza hapo.

Yeye alifungwa siku ishirini na nane kambini kwa kutegea, akarudishwa mstari wa mbele hasikii risasi zinatoka wapi, na vita vilipokwisha akaachishwa bila kadi ya matibabu.

Redio alilisoma daftari mara ya pili, safari hii midomo ikitembea bila sauti. Dada yake aliweka mkasi mezani, mbali na mkono wake, na nikajua kwa nini anauweka mbali. Mama watoto alikuwa ametazama ukuta.

"Kiti," Redio akasema, polepole, kama mtu anayeonja neno.

Akainamia cherehani. Akaikaza parafujo moja, akailegeza, akaikaza tena. Nilikwisha kushika mkongojo ninyanyuke niondoke.

"Nitakuja kesho," akasema bila kuniangalia. "Nilikuona unatoka damu, siwezi kusema sikuona. Lakini na wewe useme ulichokiona."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti yake yote.

Njia ya kurudi nyumbani mama watoto alinishika kiuno kama kawaida, kila ngazi, kila mtaro. Hakuacha hata mara moja. Tukafika mlangoni. Hapo akaniambia kwamba watoto wetu aliwalea kwa hadithi moja, kwamba baba yao aliokoa watu. Akauliza sasa awaambie nini. Nikasema sijui. Akasema hata yeye hajui, akaingia ndani kutafuta dawa ya mguu.

Siku iliyofuata tukawa wanne pale chini masijala, maana dada mtu alimfikisha kaka yake hadi ngazini akakataa kuvuta hewa moja na mimi, akabaki juu. Waliokaa mezani ni mimi, mama watoto, Redio na Mama Majalada. Redio alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono inakata. Miaka ishirini na mitatu huishia dirishani na barua zake, leo ameitwa ndani akae kitini.

Nikaeleza yote. Mara ya pili ni rahisi kidogo kuliko ya kwanza. Mama Majalada alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yote miwili.

Alichotueleza nitakipanga taratibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwomba arudie.

Kiapo cha Redio hakipokelewi. Mtu aliyeandikwa anategea ni mtu aliyelidanganya jeshi, na shahidi mdanganyifu si shahidi. Kwanza neno lifutwe. Na neno linafutwa na yule tu aliyeliandika, kwa kuapa kwamba aliandika uongo. Nikiapa leo, Redio anapata kadi yake wiki hii hii, vipimo vya masikio, vifaa vya kusikilizia, daktari wa kichwa, vyote.

Nikasema basi niletee hicho kiapo nitie saini.

"Subiri, baba," akasema. Tabibu anayekiri kuandika uongo katika daftari la wagonjwa kadi yake inazuiwa hapo hapo, hata matibabu, mpaka kamati ya nidhamu ikae. Kamati hukaa kila miezi minne, na ilikaa wiki iliyopita.

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa na siku sita. Kamati ina miezi minne. Mama watoto alikuwa amemaliza hesabu kabla yangu, nilimwona kwa jinsi alivyoshika ukingo wa meza.

Redio alikuwa anatutazama nyuso, moja baada ya nyingine, anajaribu kushika midomo. Lakini Mama Majalada huongea kichwa kimeinamia karatasi, na mtu wa namna hiyo kiziwi hampati.

Kisha akafanya jambo ambalo nalisimulia bila kutaja jina halisi la mama huyu, maana ana watoto wanasoma. Akalifungua daftari la kijani pale penye tarehe yetu, akanigeuzia. Chini ya mstari wa Redio palikuwa na mstari mtupu. Akaweka kalamu ya wino wa bluu katikati ya kurasa. Akazungumza chini chini.

"Ukurasa huu sijaupiga muhuri bado. Mwandiko ni wako, wa zamani na wa leo haujatofautiana, nimeulinganisha. Jina likiwemo hapo, mchana huu nampelekea daktari, kesho anakupasua. Mimi naenda kunywa chai."

Nikamuuliza, na huyu?

"Daftari likishapokewa kuwa ushahidi, limepokewa lote. Neno lake halitaguswa tena na mtu." Akanyanyuka. Akafika mlangoni akasimama, na sauti yake haikuwa ya masijala tena. "Baba yangu alifia kwenye benchi hilo la juu akiisubiri hiyo kamati. Siwezi kukuangalia na wewe. Chai yangu ni robo saa."

Akaenda.

Redio akanigusa mkono. "Amesema nini?"

Akanisukumia daftari lake la shule, lile lile la jana. Nikachukua kalamu ya Mama Majalada, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mbele yangu zilikuwa karatasi mbili, moja ya kijeshi na moja ya mistari ya shule. Nilikusudia kumweleza ukweli. Naapa nilikusudia. Nikaweka kalamu kwenye daftari lake, na huo mkono wangu, ambao nimekula nao na kulelea nao watoto, ukaandika:

"Anasema usubiri nje kidogo."

Redio akasoma kwa sauti. Akatikisa kichwa kukubali. Hakuuliza kwa nini. Akanyanyuka, akaushika ukuta kwanza kizunguzungu kipite, akanyoosha shati lake, na alipopita nyuma yangu akanipiga bega.

"Usiwe na wasiwasi, Vidonge, watakupa tu. Mimi nimezoea kusubiri nje."

Mlango ukajifunga nyuma yake. Nikasikia viatu vyake vikienda hadi mwisho wa ukumbi, na benchi likalia alipokaa.

Tukabaki mimi na mama watoto na ule mstari mtupu. Sikumtazama. Nikalivuta daftari la kijani karibu, nikalala juu yake kwa kifua kwa sababu mgongo haunami, nikatafuta mwanzo wa mstari.

"Miguu hiyo naitaka kuliko unavyoitaka wewe," akasema. "Mimi ndiye nitakayekubeba chooni. Mimi ndiye nitakayekugeuza kitandani nikiwa bibi kizee. Usidhani sijui."

Nikasema sawa, basi aniache niandike.

"Andika. Sitakushika mkono, sitamwambia yule mama, wala daktari." Akanyanyuka, akalichukua lile daftari la shule kutoka mezani, akafungua mkoba wake akatoa penseli. "Lakini kile kiti cha zamani ulikichukua mwenyewe. Hiki sitakubali tukichukue wote wawili bila yule kujua. Mimi natoka kumwandikia ninachokiona, kama alivyokuomba wewe umwandikie."

Nikamwita kwa jina lake, jina ambalo tangu tupate mtoto wa kwanza sijalitumia. Alisimama, mkono kwenye kitasa, amenipa mgongo.

Kutoka mlango ule hadi lile benchi la Redio ni hatua ishirini, nilizihesabu tulipokuwa tunaingia. Kuandika namba yangu, jina langu na neno "mgongoni" hakuzidi hatua kumi.

Akafungua mlango akatoka. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.